Lori la Ushirika: Habari za Matengenezo ya Magari Yetu, kwa Wakala na kwa Mikono Yetu



Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu tumepewa kazi ya kueleza habari za malori. Wengine wataeleza habari za bei, za mbegu na za majengo. Sisi tuliokaa ofisini tukiandika hesabu ya kila safari twajua kwamba hakuna jambo lililobishaniwa katika Mikutano Mikuu yetu kuliko hili: je, magari ya Chama yapelekwe mjini kwa wakala wa mtengenezaji, au yatengenezwe hapa nyumbani na mafundi wetu wenyewe?

Huenda mgeni akashangaa kwamba watu wazima, wenye mashamba na ng'ombe wa kuangalia, waweza kushinda kutwa nzima wakibishana juu ya oili na machujio. Lakini mwanachama hashangai. Mkulima wa pamba wa Mbalibali, kadhalika na mkulima wa kahawa wa milima ya Tarime, ajua ya kuwa katika kila kilo aliyoipeleka kwenye mzani, Chama hukata fedha kidogo za kuendesha kazi zake. Katika makato hayo lori ndilo mlaji mkubwa. Likilala njiani, mkulima ndiye alipaye, na likitengenezwa kwa gharama isiyo na sababu, mkulima ndiye alipaye vilevile. Basi ubishi juu ya lori ni ubishi juu ya bei ya kilo.

Tutaeleza kwanza mambo yalivyokuwa kabla yetu, kisha yaliyotupata sisi, na mwisho namna tulivyoamua.

MZANI NA HATI YA GHARAMA

Wazee wetu walibeba mazao yao vichwani, na baadaye juu ya migongo ya punda. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na ile ya kutoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928, lakini Musoma haikupata reli, bali ilitegemea meli za Ziwa. Kwa hiyo zao la sehemu zetu lilikuwa na safari mbili: safari ya kwanza kutoka shambani hadi pwani ya Ziwa, na ya pili majini. Lori lilipokuja ndilo lililoshika ile safari ya kwanza, na mwenye lori akawa mtu mkubwa, kwa maana ndiye aliyeamua ni lini mazao yatatoka kijijini na kwa malipo gani.

Sheria ya vyama vya ushirika ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata Chama Kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kikaandikishwa. Katika Jimbo la Ziwa jambo hili lilikawia. Wakulima wa pamba walikuwa wakiuza kwa wanunuzi binafsi, na malalamiko makubwa yalikuwa juu ya mzani. Wengi hawakuweza kuusoma, na kila msimu walirudi nyumbani wakiamini ya kuwa wamepunjwa. Ndipo walipoanza kuwaweka watu wao waliojua kusoma wasimame kwenye vituo vya kununulia na kupima pamba upya. Katika mwanzo huo mdogo kulitoka harakati zilizoongozwa na Bwana Paul Bomani, na mwaka 1955 kikaundwa Chama cha Muungano wa Vyama vya Victoria, kilichojulikana kwa herufi za VFCU, kikawa moja ya vyama vya ushirika vikubwa kupita vyote katika Afrika.

Twaomba mwanachama akumbuke habari hiyo ya mzani. Vyama vyetu vilianzishwa na watu waliokataa kulipwa kwa kipimo wasichoweza kukisoma. Tutarudi kwenye jambo hilo baadaye, kwa maana hati ya gharama itokayo kwenye karakana ni mzani wa namna nyingine.

MIAKA YA VIPURI ADIMU

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 vyama vikuu vilipewa kazi nyingi kuliko uwezo wao. Vilinunua mazao, vikajenga maghala, vikanunua malori. Magari ya siku hizo, kama vile Bedford aliyejulikana na kila mtoto wa barabarani, yalikuwa na mitambo ambayo fundi aliweza kuiona kwa macho na kuishika kwa mikono. Aliyekuwa na seti ya spana, nyundo na akili aliweza kufungua injini chini ya mti. Lakini wepesi huo ulikuwa na hatari yake. Kwa kuwa kila mtu aliweza kutengeneza, si kila mtu aliyeandika alichotengeneza.

Mwaka 1966 Serikali iliunda Kamati Maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Kamati ilikuta watumishi waliozidi kazi, viongozi wasio na elimu ya hesabu, na mali isiyotunzwa ipasavyo. VFCU ikapangwa upya, na mwaka 1968 mahali pake pakashikwa na Chama Kikuu cha Nyanza. Wengi husoma habari hizo kama habari za wizi tu. Sisi twazisoma pia kama habari za daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na lori ni mali ipoteayo upesi, kwa sababu huharibika hata pasipo mwizi.

Siku zizo hizo nchi ilipata funzo jingine upande wa kusini. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia utawala mwezi wa Novemba 1965, njia ya Zambia ya kupitishia shaba na mafuta ikaingia mashakani. Malori yakaanza kupita kutoka Dar es Salaam hadi Zambia katika barabara ya vumbi na matope, na mwaka 1966 nchi mbili hizi zikaunda kampuni ya pamoja ya uchukuzi. Magari mengi yalivunjika, na watu wengi walikufa katika ajali, hata barabara hiyo ikapewa jina la njia ya jehanamu. Ilidhihirika ya kwamba lori jipya katika barabara mbaya huzeeka upesi, na mwenye kuhesabu bei ya kununulia tu hajahesabu kitu.

Kisha yakaja mambo mengi kwa mfululizo. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani kote. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na mali zao, pamoja na malori, zikakabidhiwa mamlaka za mazao. Mwezi wa Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hata Novemba 1983. Kwa mtu wa Dar es Salaam hiyo ilikuwa habari ya redioni, lakini kwa mtu wa Tarime, ambaye Sirari ni mlangoni pake, ilikuwa ni kufungwa kwa duka. Kipuri kilichokuwa upande wa pili wa mpaka kikawa mbali kama kilichoko ng'ambo ya bahari. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na katika vita vilivyofuata magari mengi ya umma na ya watu binafsi yakachukuliwa kubeba askari na vifaa. Vita vilipokwisha nchi haikuwa na fedha za kigeni za kuagiza hata beringi.

Katika miaka hiyo misaada ya mataifa mbalimbali ilileta magari ya aina mbalimbali, kila aina na vipuri vyake. Lori moja likikosa pampu halikuweza kusaidiwa na jirani yake, kwa kuwa jirani alikuwa wa kabila jingine. Pamba na nafaka zikalala maghalani kwa kukosa uchukuzi, nayo malori yaliyokufa kwa ajili ya kipuri kidogo yakaota majani uani. Mafundi wa zama hizo walifanya maajabu, wakachonga vyuma na kuyaunga magari mawili yakawa moja. Twawaheshimu. Lakini tusisahau kwamba ufundi huo ulizaliwa na dhiki. Kuufanya sasa desturi, wakati vipuri vyapatikana, ni kujirudisha katika dhiki kwa hiari yetu.

Sheria mpya ya ushirika ilitungwa mwaka 1982, na vyama vikuu vikafufuka. Kuanzia mwaka 1984 masharti ya kuagiza bidhaa yalilegezwa, na vipuri vikarudi madukani kidogo kidogo. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua kahawa na pamba, na vyama vingi vilivyokuwa na madeni na magari mabovu vikashindwa kuwafuata. Sheria ya mwaka 2013 ikaunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na mwaka 2018 Serikali ikaagiza mazao kama pamba na kahawa yanunuliwe kupitia vyama vya msingi. Lori la ushirika likarudi barabarani.

YALIYOTUPATA SISI

Chama chetu kilipoanza hakikuwa na gari hata moja. Tulikodi. Halafu tukapata lori la kwanza, jipya, lenye dhamana ya mtengenezaji, na hapo hatukuwa na ubishi wowote. Kitabu cha dhamana kilisema lipelekwe kwa wakala kila lifikishapo kilomita kadhaa, nasi tukalipeleka. Baadaye tulinunua malori mawili yaliyokwisha kutumika ng'ambo, yasiyo na dhamana ya mtu, na hapo ndipo vikundi viwili vilipozuka katika Mkutano Mkuu.

Kikundi cha kwanza kilisema: tuendelee na wakala, kwa maana ana vyombo, ana vipuri halisi, na kazi yake ina hati. Kikundi cha pili kilisema: wakala ni ghali, yuko mbali, na vijana wetu waliosomea ufundi wamekaa bure. Kila upande ulikuwa na kisa chake cha kuonyesha, na ni haki visa hivyo vielezwe hapa bila kuficha.

Kisa cha kwanza. Lori moja lilipelekwa kwa wakala mmoja mjini, ambaye hatutamtaja, kwa matengenezo ya kawaida. Liliporudi, hati ya gharama ilikuwa ndefu kuliko mkono. Palikuwa na vipuri kadhaa vilivyobadilishwa, na saa za kazi zilizohesabiwa. Halmashauri ilimwuliza dereva, naye hakujua. Ilituuliza sisi, nasi hatukujua. Vipuri vya zamani havikurudishwa, kwa sababu hatukuviomba. Huenda kila kitu kilichoandikwa kilifanyika. Huenda hakikufanyika. Hatukuweza kumshitaki wakala, wala hatukuweza kumtetea mbele ya wanachama. Tulisimama mbele ya hati ile kama babu zetu walivyosimama mbele ya mzani.

Kisa cha pili ni kizito zaidi, na lawama ni yetu wenyewe. Baada ya hasira za hati ile, Mkutano uliamua kazi yote ifanyike nyumbani. Tulimwajiri fundi hodari, tukampa spana na kibanda. Hatukumpa daftari. Msimu wa ununuzi ulipofunguliwa malori yalikwenda usiku na mchana, na kila dereva alipoulizwa juu ya oili alisema imebadilishwa juzi. Vumbi la kiangazi liliziba chujio la hewa, na oili ikawa nyeusi na nyepesi kama maji. Katikati ya msimu, lori likiwa limejaa pamba, injini ilikaza ikakataa kuzunguka. Beringi za krenki zilikuwa zimeungua. Pamba ilishushwa kando ya barabara na kulindwa usiku na wanachama, tukakodi gari jingine kwa bei aliyotaka mwenyewe, na injini ikafunguliwa yote. Fedha tulizookoa kwa kumkimbia wakala zilikwenda kwa siku moja, na zilikwenda na nyingine juu yake.

Fundi yule hakuwa mjinga wala mvivu. Alikuwa mtu mmoja aliyetegemewa akumbuke kilomita za magari matatu kichwani mwake. Mafunzo tuliyopata yalikuwa mawili. Aliyetegemea wakala pasipo maarifa alilipa asichokijua, na aliyetegemea fundi pasipo daftari alivunja alichokijua. Kosa la Chama lilikuwa moja katika visa vyote viwili: hapakuwa na mtu wetu aliyeweza kusoma hali ya gari na kuiandika.

HESABU YENYEWE

Ndipo Halmashauri ilipotuagiza tuandike hesabu kwa utulivu. Tunaieleza hapa kwa mfano. Tarakimu zifuatazo si bei za soko wala si za wakala yeyote. Tumezichagua ili njia ionekane, na kila chama cha msingi chaweza kuweka bei zake mahali pake.

Tuseme matengenezo ya kawaida, yaani kubadili oili na machujio, kupiga grisi na kukagua breki, kwa wakala ni Sh. 600,000, na vitu hivyo vikinunuliwa na kutiwa nyumbani ni Sh. 400,000. Tofauti ni Sh. 200,000. Lakini safari nayo ina gharama. Kutoka kwetu hadi Mwanza ni kilomita zisizopungua 200, na kwenda na kurudi ni 400. Lori likitumia lita moja kwa kilomita 4 litakula lita 100, na tukihesabu lita kwa Sh. 3,000, hiyo ni Sh. 300,000. Tuongeze posho ya dereva na utingo, Sh. 100,000. Basi kila tengenezo la nyumbani laokoa Sh. 600,000.

Kufikia hapo kikundi cha pili kilipiga makofi. Lakini hesabu haijaisha. Fundi ana mshahara hata siku ambayo hapana gari bovu. Spana hupotea, jeki huchakaa, na vipuri vilivyo rafuni ni fedha zilizolala. Tuseme vyote hivyo kwa mwaka ni Sh. 9,600,000. Ukigawanya kwa Sh. 600,000 utapata matengenezo 16. Kwa hiyo karakana isiyofanya matengenezo 16 kwa mwaka inakula hasara.

Lori liendalo kilomita 20,000 kwa mwaka, likibadilishwa oili kila kilomita 5,000, lahitaji matengenezo 4. Chama chenye lori moja kikiajiri fundi wake kitaokoa Sh. 2,400,000 na kutumia Sh. 9,600,000, yaani kitapoteza Sh. 7,200,000. Chenye malori matatu kama sisi kitapoteza Sh. 2,400,000. Malori manne yanasawazisha. Malori sita yataleta faida ya Sh. 4,800,000.

Hesabu hii iliwanyamazisha wote wawili. Waliosema wakala ni ghali walikuwa na haki, na waliosema karakana ya nyumbani ni ghali walikuwa na haki. Aliyekosewa ni yule aliyedhani kwamba chama kimoja chaweza kufanya peke yake. Vyama vya msingi kadhaa katika eneo letu vilikuwa na lori au trekta, kila kimoja na fundi wake wa kuitwa, kila kimoja kikinunua oili kwa dumu moja kwa bei ya rejareja. Tukavialika vyote katika karakana moja ya Chama Kikuu, kwa malipo yaliyopangwa na Mkutano. Hapo ndipo ufundi ulipokuwa ushirika. Jambo lililowashinda kila mmoja likawezekana kwa wote, kama vile mkulima mwenye magunia matano hawezi kujaza lori, lakini kijiji chaweza.

Yafaa kuongeza jambo moja la haki. Lori linalokwenda mjini kwa kazi ya Chama, likiwa na mzigo wake, halina gharama ya safari ya kuhesabia wakala. Likiwa huko tayari, na zamu yake imefika, si busara kulirudisha nyumbani kwa ajili ya kiburi cha karakana yetu.

KAZI IPI NYUMBANI, KAZI IPI KWA WAKALA

Kila mwenye plau katika nchi yetu ajua kwamba ng'ombe hafungwi nira kabla hajatazamwa. Mkulima hupapasa shingo aone kama ina kidonda, hutazama kwato, humnywesha maji. Kwa kazi hiyo hamwiti daktari wa mifugo. Lakini ng'ombe akishikwa na homa, mkulima mwenye akili hamchomi sindano kwa kubahatisha. Tuligawa kazi za lori kwa kanuni hiyohiyo.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, dereva hutazama oili kwa kijiti chake, maji ya rejeta, matairi, taa, na chini ya gari kama kuna kitu kinachovuja. Kila wiki fundi hupiga grisi, hukaza nati za magurudumu, hutazama majani ya springi, ambayo huvunjika sana katika barabara zetu, na husafisha chujio la hewa. Katika kiangazi husafisha mara nyingi zaidi, kwa kuwa vumbi likiingia ndani ya silinda husaga kama mchanga usagavyo jiwe. Oili na machujio hubadilishwa nyumbani kwa kilomita zilizoandikwa katika kitabu cha gari, wala si kwa makisio. Breki, klachi na beringi za magurudumu ni kazi ya karakana yetu. Oili chafu huwekwa katika pipa, haimwagwi kondeni, maana maji yetu huteremkia Mto Mara, na Mto Mara huingia Ziwani.

Kwa wakala hupelekwa gari lililo bado katika dhamana, maana dhamana ni fedha iliyokwisha kulipwa, na mwenye kuivunja amejinyang'anya mwenyewe. Kadhalika hupelekwa pampu ya dizeli, nozeli, na maradhi yote ya umeme wa injini. Hapa twataka mwanachama aelewe sababu. Bwana Rudolf Diesel wa Ujerumani alipofaulu kuendesha injini yake mwaka 1897, kazi yote ilikuwa ya vyuma. Malori ya wazee wetu yalikuwa hivyo. Lakini tangu mwaka 1995, kampuni ya Denso ya Japani ilipotoa kwa ajili ya malori mfumo mpya wa kupuliza dizeli, injini nyingi zimetawaliwa na kompyuta, na dizeli hupulizwa kwa nguvu kubwa mno kupitia matundu membamba sana. Tone la maji au chembe ya uchafu yatosha kuiharibu nozeli. Mwaka 2010 EWURA ilianza kutia vinasaba katika mafuta ili uchakachuaji ugunduliwe, nasi kwa upande wetu tumekataza dereva yeyote kununua dizeli ya madumu, hata ikiwa rahisi namna gani.

Fundi wa spana hawezi kuongea na injini kama hiyo bila chombo cha kuisoma. Hii si habari ya kwetu peke yetu. Wakulima wa Marekani wamelalamika miaka mingi kwamba watengenezaji wa matrekta huwanyima programu na vitabu vya kutengenezea mashine walizonunua kwa fedha zao. Mwezi wa Januari 2023 kampuni ya John Deere iliwekeana ahadi na shirikisho kubwa la wakulima wa huko juu ya jambo hilo, na mwaka huohuo Jimbo la Colorado likatunga sheria ya kuwapa wakulima haki ya kutengeneza mashine zao, iliyoanza kutumika mwaka 2024. Ikiwa wakulima wenye mashamba ya maelfu ya eka wamelazimika kuungana ili wapewe kitabu cha trekta, basi sisi wa eka tatu tuna sababu kubwa zaidi ya kuungana. Kwa hiyo tumekubaliana ya kuwa, kabla ya kununua gari jingine, tutauliza mambo matatu: je, ni la aina ileile tuliyo nayo, vipuri vyake vyapatikana wapi, na nani katika mkoa wetu aweza kulisoma?

DAFTARI

Leo kila gari la Chama lina daftari lake, nalo hukaa ndani ya gari, na nakala yake ofisini. Huandikwa tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika, kipuri kilichotiwa, bei yake, na jina la aliyefanya. Dereva hutia sahihi, fundi hutia sahihi. Gari likienda kwa wakala, fundi wetu huenda nalo. Kazi huandikwa kabla haijaanza, na vipuri vya zamani hurudi nyumbani ndani ya gunia. Gunia hilo hufunguliwa mbele ya Halmashauri. Mara ya kwanza wajumbe walicheka kuona vyuma vichafu juu ya meza. Mara ya pili mjumbe mmoja mzee alishika chujio, akalipima mkononi, akauliza kwa nini limebadilishwa kabla ya wakati wake. Lilikuwa swali zuri, na lilijibiwa. Tuliona kwamba Chama kimepata macho.

Vijana wetu wawili wamepelekwa kusoma ufundi wa magari katika chuo cha mafunzo ya ufundi stadi. Ada yao ilibishaniwa pia, kama ilivyo desturi yetu, na ikapita. Wazee waliosimamia mizani katika Jimbo la Ziwa walipeleka vijana waliojua kusoma namba. Sisi tumepeleka vijana watakaosoma injini.

Hatusemi kwamba mambo yamekwisha. Liko lori moja uani ambalo hadi tuandikapo maneno haya linangoja Mkutano uamue kama litengenezwe au liuzwe, na bila shaka ubishi utakuwapo. Tunaukaribisha. Ila tunaomba kila atakayesimama kusema, asimame na daftari mkononi. Kumbukumbu za kila safari na kila spana zipo ofisini, nazo ni mali ya wanachama. Mwanachama yeyote aje azisome siku ya kazi, na akikuta kosa, aliseme mbele ya wote, kwa sababu lori lile ni lake, na kilo zinazolipa ni zake.



Ni sisi watumishi wenu,
Ofisi ya Katibu, Chama Kikuu.